RICHARD COBDEN, MFANYA BIASHARA ALIYEPATANISHA MATAIFA MAWILI

Ndugu wasomaji, mara nyingi wanaojengewa sanamu mijini ni majemadari walioshinda vita. Ni nadra kumkumbuka mtu aliyezuia vita visitokee, kwa sababu kazi yake haionekani: hakuna mji ulioteketea, wala hakuna makaburi ya kuonyesha. Safari hii tunawaletea habari za mtu wa namna hiyo. Hakuwa askari, hakuwa waziri, wala hakuzaliwa katika ukoo wa mabwana. Alikuwa muuza vitambaa. Hata hivyo, mwaka 1860 alifanya kazi kubwa ya kuwapatanisha Waingereza na Wafaransa katika siku ambazo watu wengi walidhani vita viko mlangoni.

UTOTO NA UJANA WAKE

Richard Cobden alizaliwa tarehe 3 Juni 1804 katika shamba la Dunford, kijiji cha Heyshott, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima mpole, lakini hakuwa hodari katika mambo ya fedha. Shamba likamponyoka, na watoto wengi wa nyumba ile wakagawanywa kwa jamaa. Richard alipelekwa mbali, katika shule moja ya Yorkshire, akakaa huko miaka mitano katika njaa na upweke, bila kuwaona wazazi wake. Maisha yake yote hakupenda kuizungumzia shule ile.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliajiriwa kuwa karani katika ghala la mjomba wake mjini London. Baadaye akawa mchuuzi wa kampuni, akizunguka mji hadi mji na sampuli za vitambaa, akitafuta maagizo. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo vyuo havifundishi, yaani kusikiliza. Mwenye kuuza nguo hawezi kumdharau mnunuzi, wala hawezi kufanikiwa akiwa na haraka ya hasira.

Mwaka 1828 yeye na vijana wenzake wawili walianzisha biashara yao wenyewe kwa fedha za kukopa, na mwaka 1831 wakapata kiwanda cha kupiga chapa nguo za pamba huko Sabden, karibu na Manchester. Biashara ilistawi. Cobden akaanza kusafiri katika nchi za ng'ambo: Ufaransa, Marekani, Misri, Uturuki, Ujerumani. Kila alikokwenda aliuliza maswali. Watu wanakula nini? Wanauza nini? Ushuru wa forodha ni kiasi gani? Serikali inatumia fedha ngapi kwa ajili ya jeshi? Polepole wazo moja likakomaa moyoni mwake, nalo hakuliacha mpaka kufa. Aliona ya kuwa mataifa yakizuiliana biashara hubaki kusikiana kwa uvumi tu, na uvumi huzaa woga, na woga huzaa vita. Lakini yakinunua na kuuziana, kila taifa linapata sababu ya kumtakia jirani yake heri.

MKATE WA MASKINI

Jina lake lilijulikana kwanza nyumbani kwao. Tangu mwaka 1815 Uingereza ilikuwa na sheria za kuzuia ngano ya kigeni. Kwa sheria ya kwanza, ngano ya nje haikuruhusiwa kuuzwa mpaka bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha yapata kilo 220. Wenye mashamba makubwa walinufaika, lakini mfanyakazi wa kiwandani alitumia sehemu kubwa ya mshahara wake kununua mkate tu.

Chama cha kupinga sheria hizo kiliundwa Manchester mwaka 1838, na Cobden akawa kiongozi wake. Mwaka 1841 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Stockport. Mwaka huohuo rafiki yake John Bright alifiwa na mkewe kijana. Cobden alimwendea katika msiba ule, akamfariji, kisha akamwomba kwamba, huzuni ikipungua, wafanye kazi pamoja kwa ajili ya akina mama na watoto waliokuwa wakifa njaa majumbani mwao. Tangu siku ile wawili hao walikwenda pamoja kama pete na kidole.

Cobden hakuwa msemaji wa maneno ya kuchoma. Alisimama mbele ya watu akaeleza hesabu kwa utaratibu, kama mtu anayezungumza na jirani yake barazani. Waziri Mkuu, Sir Robert Peel, ambaye chama chake kilikuwa cha wenye mashamba, alizisikiliza hesabu hizo mwaka baada ya mwaka. Viazi vilipooza huko Ireland mwaka 1845 na njaa kuingia, Peel aliamua. Mwezi Juni 1846 sheria zile zikafutwa. Peel alipoteza uongozi wake kwa ajili hiyo, lakini kabla ya kuondoka alisema wazi bungeni kwamba sifa ya jambo hilo ni ya Cobden.

Wakati huo biashara ya Cobden ilikuwa karibu kuanguka, maana kwa miaka saba alikuwa ameacha duka lake kwa ajili ya kazi ya watu. Waliofaidika na juhudi zake walichanga fedha nyingi kumwokoa, naye akanunua tena shamba la Dunford lililompotea baba yake.

KUPINGA VITA NA KULIPA GHARAMA

Baada ya ushindi ule angeweza kupumzika katika sifa zake. Badala yake alichagua njia iliyomfanya achukiwe. Mwaka 1849 alipeleka hoja bungeni kwamba Uingereza ifanye mapatano na mataifa mengine ili ugomvi wao uamuliwe na wasuluhishi, si kwa silaha. Hoja ilishindwa. Alipinga vita vya Krimea vya miaka 1854 hadi 1856, watu wengi walipokuwa wakivishangilia barabarani. Mwaka 1857 alipinga vita dhidi ya Uchina, akasema taifa lenye nguvu halina haki ya kumfanyia mnyonge jambo ambalo lisingethubutu kumfanyia mwenye nguvu mwenzake. Bunge lilimwunga mkono kwa kura 263 dhidi ya 247, lakini Waziri Mkuu, Lord Palmerston, akaitisha uchaguzi. Wapiga kura waliojaa hamasa ya vita wakamwondoa Cobden katika Bunge.

Kabla ya hapo alikuwa amepata pigo kubwa zaidi. Mwezi Aprili 1856 mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 15 aliyekuwa akisoma Ujerumani, alishikwa na homa akafariki kabla wazazi hawajajua hata kwamba anaumwa. Mama wa mtoto, Catherine, hakupona jeraha hilo kwa muda mrefu. Kwa miezi mingi Cobden aliacha mambo ya siasa akakaa nyumbani kumwangalia mkewe.

MATAIFA MAWILI YANAYOOGOPANA

Sasa tuje kwenye kazi iliyomletea heshima kubwa. Waingereza na Wafaransa walikuwa mahasimu wa karne nyingi. Walipigana mara ya mwisho Waterloo mwaka 1815, lakini chuki haikuzikwa pale. Mwezi Januari 1858 Mwitalia mmoja, Orsini, alimtupia mabomu Kaisari Napoleon wa Tatu mjini Paris, na ikagundulika kwamba mabomu yale yalitengenezwa Uingereza. Wafaransa wakawaka hasira. Upande wa pili, Waingereza waliona bandari ya kivita ya Cherbourg ikiimarishwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na mwaka 1859 wakaona Ufaransa ikishusha majini manowari iliyovikwa mabamba ya chuma. Maelfu ya Waingereza wakajiandikisha kuwa askari wa kujitolea, wakingoja kushambuliwa. Kila upande ulijenga silaha kwa kuogopa silaha za mwenzake, na kila silaha mpya ilithibitisha woga wa jirani.

Biashara nayo ilikuwa imefungwa. Ufaransa ilipiga marufuku kabisa bidhaa nyingi za Kiingereza, hasa nguo za pamba na za sufu. Uingereza nayo ilitoza ushuru mzito divai ya Kifaransa, hata mtu wa kawaida hakuijua ladha yake.

Palikuwapo Mfaransa mmoja, Michel Chevalier, mwalimu wa elimu ya uchumi, aliyekuwa na mawazo kama ya Cobden. Yeye ndiye aliyeona kwamba mlango upo. Bunge la Ufaransa lilijaa wenye viwanda wasiotaka ushindani, lakini kwa katiba ya wakati ule Kaisari aliweza kufanya mkataba wa biashara na nchi ya kigeni bila idhini ya Bunge. Basi ushuru usioweza kupunguzwa kwa sheria ungeweza kupunguzwa kwa mkataba.

Cobden alikuwa amerudishwa bungeni mwaka 1859, safari hii kwa jimbo la Rochdale, na Palmerston alimpa nafasi ya uwaziri. Aliikataa, kwa kuwa hakuona jinsi ya kukaa meza moja na mtu ambaye siasa yake ya nje alikuwa ameipinga miaka yote. Lakini mwezi Septemba alimwendea Gladstone, Waziri wa Fedha, nyumbani kwake Hawarden, akamweleza wazo la mkataba. Gladstone alilipokea kwa moyo. Palmerston aliruhusu tu, bila shauku. Hivyo mwezi Oktoba 1859 Cobden akaenda Paris bila cheo, bila mshahara, na bila barua ya ubalozi. Alikuwa msafiri tu mwenye kifua kibovu na hesabu kichwani.

MAZUNGUMZO YA PARIS

Tarehe 27 Oktoba alipokewa na Kaisari. Napoleon alikuwa na hofu: wenye viwanda wake wangesema amewauza kwa Waingereza. Cobden hakumshurutisha. Alimweleza habari za Peel, jinsi alivyochukiwa na matajiri wa chama chake kwa kupunguza bei ya mkate, na jinsi maskini walivyomheshimu baada ya kufa kwake. Mfano huo ulimgusa Kaisari kuliko hoja za uchumi.

Kwa wiki nyingi mazungumzo yalifanywa kwa siri. Hata baadhi ya mawaziri wa Ufaransa hawakuambiwa. Cobden aliugua majira yale ya baridi, lakini aliendelea kukutana na Rouher, Waziri wa Biashara, ambaye walielewana vizuri. Mwezi Januari 1860 serikali yake ilimpa hatimaye mamlaka rasmi, na tarehe 23 Januari 1860 mkataba ukatiwa sahihi. Kwa upande wa Uingereza walitia sahihi Balozi Lord Cowley na Cobden. Kwa Ufaransa, Baroche na Rouher.

Ufaransa iliahidi kuondoa marufuku zake, na kwamba ushuru juu ya bidhaa za Uingereza hautazidi asilimia 30 ya thamani, kisha asilimia 25 kuanzia mwaka 1864. Uingereza ikaondoa ushuru karibu wote juu ya bidhaa za viwanda vya Ufaransa, na kupunguza ushuru wa divai karibu nusu. Tena kila upande uliahidi kwamba nafuu yoyote atakayompa mtu wa tatu, mwenzake ataipata pia. Gladstone aliupitisha mkataba bungeni pamoja na bajeti ya mwaka ule, na idadi ya vitu vinavyotozwa ushuru katika forodha za Uingereza ikashuka kutoka 419 hadi 48.

Wengi wangefikiri kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza, kwa sababu mkataba uliweka kikomo tu. Ushuru wa kila kitu ulikuwa bado kupangwa. Basi Cobden alirudi Paris, akakaa miezi mingi ya mwaka 1860 akijadiliana kitu kimoja kimoja: uzi wa unene huu, uzi wa unene ule, chuma, vioo, ngozi, mashine. Wenye viwanda wa nchi zote mbili waliitwa kutoa ushahidi. Kazi ilikuwa kavu na ya kuchosha, wala haikuwa na shangwe ya watu.

Katikati ya kazi hiyo jambo baya lilitokea, nalo lilitoka kwao nyumbani. Mwezi Julai 1860 Palmerston alisimama bungeni kuomba mamilioni ya pauni ya kujenga ngome za pwani, akaeleza bila kificho kwamba hatari inatoka Ufaransa. Wafaransa waliokuwa wakikaa mezani na Cobden kila siku walikuwa na haki ya kumwuliza kama serikali yake inataka urafiki au vita. Cobden aliumia sana. Aliandika kwa serikali yake kupinga, lakini hakuondoka mezani. Laiti angefunga sanduku lake siku ile kwa hasira, pengine wenye kutaka ugomvi pande zote mbili wangefurahi. Alivumilia, na mwezi Oktoba na Novemba 1860 mapatano ya mwisho juu ya viwango vya ushuru yakatiwa sahihi. Kabla ya kuondoka alipata jambo jingine dogo lenye maana: Kaisari alikubali Waingereza waingie Ufaransa bila pasipoti.

Serikali ilipotaka kumpa cheo cha heshima kwa kazi hiyo, alikataa. Hakutaka kupewa tuzo kwa kazi aliyoiona kuwa ni wajibu wake.

MATUNDA, NA MIIBA YAKE

Biashara kati ya nchi mbili hizo ilikua kwa haraka. Divai ya Ufaransa ikaanza kuuzwa hata katika maduka ya vyakula ya Uingereza. Ufaransa ikafanya mikataba ya namna ileile na Ubelgiji mwaka 1861, Prussia mwaka 1862, Italia mwaka 1863, na nyingine zikafuata. Ule woga wa kushambuliwa ulififia. Mwaka 1862 Cobden aliandika kijitabu kuonyesha jinsi Waingereza walivyoshikwa na hofu ya Ufaransa mara tatu, na mara zote tatu bila sababu.

Lakini si haki kueleza matunda tu bila miiba. Wafumaji wa tepe za hariri huko Coventry hawakuweza kushindana na hariri ya Ufaransa. Wengi walipoteza kazi zao, familia zikaona njaa, na wengine wakahama nchi. Amani ya wengi ilikuwa na gharama, na gharama hiyo iliwaangukia watu wachache wasioulizwa.

Tena biashara peke yake haikuweza kufunga mlango wa vita. Ufaransa na Prussia zilikuwa na mkataba wao wa biashara, na bado zilipigana mwaka 1870. Mwaka 1892 Ufaransa ilirudisha ushuru mzito.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo funzo letu katika habari hizi. Tarehe 10 Machi 1862, katika majira yaleyale ya maelewano, Uingereza na Ufaransa zilitia sahihi tamko huko Paris kwamba zote mbili zitaheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar na wa Sultani wa Maskati. Cobden hakuhusika na tamko hilo. Lakini mwaka 1890 mataifa hayohayo yalibadilishana: Ufaransa ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na Uingereza ikakubali Madagaska iwe chini ya Ufaransa. Wakubwa walipatana, na wadogo wakawa ndio bei. Cobden, aliyepinga vita vya Uchina na vya Burma, asingeyaita hayo mapatano ya haki.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Afya yake haikurudi tena baada ya Paris, lakini hakuacha kazi ya upatanishi. Mwezi Novemba 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, manowari ya Kaskazini iliisimamisha meli ya Kiingereza iitwayo Trent na kuwachukua wajumbe wawili wa Kusini. Uingereza ilianza kupeleka askari Kanada. Cobden na Bright walimwandikia rafiki yao, Seneta Charles Sumner, wakimsihi wajumbe wale waachiwe. Sumner alizisoma barua hizo mbele ya Rais Lincoln na mawaziri wake siku ya Krismasi. Baadaye wajumbe wakaachiwa, na vita havikutokea.

Mwezi Machi 1865, katika baridi kali, Cobden alisafiri kwenda London ingawa alikuwa mgonjwa, kwa sababu Bunge lilikuwa likijadili kujenga ngome huko Kanada dhidi ya Marekani, naye alitaka kupinga. Hakufika bungeni. Pumzi ilimzidi, akafariki Jumapili asubuhi tarehe 2 Aprili 1865, rafiki yake Bright akiwa kando ya kitanda. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la West Lavington, kando ya mwanawe. Gladstone na Bright walikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Bungeni Ufaransa pia kifo chake kilitajwa kwa heshima, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu wa taifa lililokuwa hasimu.

Ndugu wasomaji, Cobden aliamini kwamba Mungu hakuipa nchi moja kila kitu, ili watu wa nchi mbalimbali wahitajiane. Huenda alitumaini mno kwamba biashara itamaliza vita duniani. Tumeona kwamba haikumaliza. Lakini tumwangalie alivyotenda. Alikwenda kwa hasimu bila kungoja kutumwa. Alimsikiliza kabla ya kumhukumu. Alikaa mezani mpaka kitu kidogo cha mwisho kikaelewana, hata pale watu wake mwenyewe walipomvunja moyo. Wanaogombana mpakani, sokoni, au hata katika ukoo mmoja, wanamhitaji mtu wa jinsi hiyo leo kama walivyomhitaji Waingereza na Wafaransa mwaka 1860.